Dole la Mdau

Askari wa misitu alipomaliza kulibomoa tanuri la mkaa, mwenye tanuri, Bi Mwasaburi, alimuuliza, "Mwanangu, nani kaamua haya?"

"Nyinyi wenyewe, mama. Wadau mlishirikishwa."

Akamfunulia kitabu kinene cha mkakati wa taifa wa kupunguza hewa ukaa kwa miaka thelathini ijayo, hadi kwenye orodha ya mahudhurio. Alama ya dole gumba lake ilikuwapo. Siku ile ya semina ya wadau, waandaaji hawakuhangaika hata na wino. Masizi ya tanuri kidoleni mwake yalitosha. Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa. Yeye alikuwapo, akapewa soda na kofia, na hakuna aliyemuuliza neno.

Akatia kidole mate, akaanza kuifuta alama ile. Kadiri alivyosugua, ndivyo ukurasa ulivyozidi kuwa mweusi.