Miwani ya Malkia

Jumapili ya nne Malkia alimrushia Kefa glovu, na safari hii watu wa ukumbini hawakupiga makofi. Walimtazama tu, kama mtu aliyeshachukuliwa.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya soko, hapo Dodoma mjini. Jumapili mchana wanapiga zilipendwa tupu, santuri zile za kukwaruza, na huingii kama hujavaa ya kizamani. Suruali bugaluu pana chini, viatu raizoni vya soli nene, shati lenye kola ndefu kama masikio ya mbuzi. Na jina lako unaliacha mlangoni, kule kila mtu ana jina la kule. Kefa, dereva wa lori la mchanga, walimwita Chuma, basi.

Malkia ndiye aliyekuwa anaujaza ukumbi. Anatoka nyuma ya pazia na kofia ya wavu, miwani myeusi mikubwa, koti refu la mtumba. Saksafoni ikianza kulia anavua koti, taratibu, halafu kofia, wigi la afro linachomoza kama kichuguu, halafu glovu, moja, na nyingine. Anabaki na gauni la kumeremeta, anacheza mitindo ambayo vijana wa siku hizi hawaiwezi hata ukiwalipa. Miwani havui. Glovu ya mwisho humrushia mtu, na huyo ndiye anacheza naye wimbo wa kufungia.

Jua halijazama, keshatokea mlango wa nyuma. Macho yake hakuna aliyeyaona. Wengine walisema yule si mtu. Brighton, mpiga santuri, alimwambia Kefa wazi: "Kaka, miguu yake imo ndani ya raizoni. Nani anajua ni ya mtu au ya punda?"

Kefa alicheka. Ila nyumbani kulikuwa hakuchekeki. Mkewe, Gladness, alishanusa poda kwenye shati. Hakupiga kelele, na hapo ndipo ubaya ulipo. Alisonga ugali, akamtengea, akasema polepole: "Baba Debora, siku nikikukuta na huyo mwanamke, namchukua mtoto narudi kwetu Mlali. Na mama atakuja kusema na wewe."

Pale pa mama ndipo Kefa alipolirudisha tonge kwenye sahani. Maana mkwe si mchezo, na Kefa mila alizishika. Miaka mitano ya ndoa hajamtazama mama mkwe usoni, wala mama hajamtazama yeye. Hata harusini mama alijifunika khanga gubigubi. Salamu zinapitia kwa Gladness. Mwaka juzi walikutana kwenye njia ya shamba, Kefa akajitupa kwenye miiba, mama akageukia mtama, kila mmoja akingoja mwenzake apite, mpaka jua likawachoma wote wawili. Na sasa, tangu mvua zigome, mama yuko Msalato kwa kaka yake, anashonea watu nguo. Kuja kwake ni bodaboda moja tu.

Akaapa haendi tena. Jumapili akaenda. Alijiambia anakwenda kuaga, ayaone yale macho mara moja tu, amalize.

Siku hiyo upepo ulileta vumbi mpaka mabati yakawa yanalia. Glovu ikamwangukia kifuani. Watu wakarudi nyuma, wakawaachia uwanja. Walicheza, mkono wa mwanamke baridi kama mtungi. Kefa akamwona Brighton, kule kwenye santuri, anampungia mkono na kumwonyesha mlango. Hakugeuka. Wimbo ulipokaribia kwisha, Kefa alinyoosha mkono akamvua ile miwani.

Yalikuwa macho ya mtu. Macho ya mama wa makamo, mazuri, yana mikunjo pembeni, yanacheka. Kefa akapumua, naye akacheka.

Kumbe Gladness alimfuata kutoka nyumbani, na alishaingia. Alikuja moja kwa moja katikati ya ukumbi, panga la kukatia kuni mkononi, na watu wakampisha. Zikabaki hatua mbili. Akamwona yule mwanamke, akasimama, na panga likamdondoka lenyewe. Akafungua khanga ya kiunoni, akamrushia mwanamke kichwani, mbio mbio, kama anazima moto.

"Mama, jifunike," alisema. "Huyo ndiye mkweo."