Kamera Chini ya Shuka la Kinyozi

Mimi, balozi wa urafiki wa mataifa, nilivuka mpaka na kamera ili niunganishe watu. Kufikia mchana, soko zima lilikuwa limenifukuza kwa kuwapiga picha.

Nilibakiwa na kinyozi. Naye akasema, "Ukinipiga picha, nakunyoa masikio."

Nikakaa ninyolewe ndevu nisizokuwa nazo, kamera nimeificha chini ya shuka. Wembe ulipofika kooni, nikainua pindo la shuka, nikabonyeza.

Kioo kizima kikawaka mwanga. Wembe ukasimama.

"We mtoto, nini hicho?"

"Tumbo, mzee. Lina njaa."

"Tumbo lina taa?"

Vidole vyake, vimejaa povu, vilinibana kidevu.

"Nimekupiga picha," nikasema. "Nisamehe. Tangu nifike kwenu, ni wewe tu uliyenigusa."