Vifuniko vya Masikio

Boti ilikuwa imeshachanganya mwendo mama alipopapasa mkobani kutafuta vifuniko vidogo vya masikio vya kumkinga mwanawe na kelele, asivione. Alikuwa amevitia mwenyewe asubuhi ile.

"Nimevitoa, viko nyumbani!" mumewe alimpigia kelele kutoka kwenye usukani. "Unataka abiria watucheke? Kwani mtoto ni rubani?"

Abiria wakacheka hivyo hivyo.

"Si amelala?" wifi yake akadakia, akipayuka ili asikike. "Angekuwa anaumia, si angelia?"

Amelala, amelala! Kila safari wimbo ni huo huo. Mtoto hata kukaa hajajua, injini inanguruma mgongoni mwake mpaka viti vinatetemeka, halafu mama mtu aambiwe amelala. Akamziba sikio moja kwa kiganja, la pili akalibana kifuani. Haikusaidia kitu.

Akamtazama mumewe. Yeye alikuwa amevaa vyake, vikubwa, vyekundu, vyenye sponji nene iliyoyakumbatia masikio barabara. "Vya kazi hivi," ndivyo alivyosema siku zote.

Akampa wifi mtoto, akamwendea mumewe kwa nyuma, akavichomoa.

Mikono yote miwili ya mume iliruka kutoka kwenye usukani ikaziba masikio. Uso ukamkunjamana. Kisha akaipapatikia swichi, akazima injini.

Kimya. Hakuna aliyecheka.

"Una wazimu wewe? Nipe vifuniko vyangu!"

Akavificha nyuma ya mgongo.

"Vya nini, baba mtoto?" alisema taratibu. "Si ulale tu."