Herufi ya Katikati

Kipara cha mjomba kiliangukia juu ya herufi E, na mwanafunzi akakiacha hapohapo.

Alikuwa amehangaika nacho asubuhi nzima kwenye kompyuta ya chuo, akipanga picha ya mjomba kwenye jalada la jarida. Jarida hilo la kubuni aliliita MWEZI, kwa kuwa lingetoka kila mwezi, na kwa kuwa herufi tano zinakaa vizuri juu ya ukurasa. Akikishusha kichwa, mjomba anaonekana kama kasimama shimoni. Akikipandisha, kinagonga jina. Basi kigonge. Majarida makubwa yote aliyoyachambua muhula ule yalikuwa na mtu aliyeliegemea jina la jarida kama mwenye nyumba.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa na mkosi. Chuo kilimwazima kamera, akakaa nayo siku moja tu, ikatoweka sebuleni kwao. Ofisi ya vifaa haikumung'unya maneno: kamera isiporudi, matokeo hayatoki. Alama zake zote, hata hizi za jalada, zingebaki kabatini pamoja na miaka mitatu ya kudamka alfajiri.

Siku kamera ilipopotea, nyumbani hapakuwa na mgeni ila fundi rangi, aliyekuwa akipaka ukuta wa sebule. Mjomba naye alikuwepo, akitengeneza swichi, lakini mjomba si mgeni.

"Kamera haina miguu," mjomba alisema, jicho kwa fundi rangi.

Fundi rangi alikusanya brashi zake akaondoka. Ukuta ukabaki nusu kijani, nusu saruji, na mama akasogeza kabati kuziba aibu.

Hakuna aliyehangaikia msiba ule kama mjomba. Aliulizia kwenye vibanda vya simu, aliwaapiza wezi wa mtaa mzima, akamletea mpwa wake soda na kumwambia asilie. Kwa hiyo mhadhiri alipoagiza jalada lenye mtu wa kawaida anayestahili kujulikana, mwanafunzi hakutafuta mbali. Alimsimamisha mjomba na bisibisi yake mkononi, akampiga picha kwa simu.

"Ningekuwa na kamera ungetoka vizuri zaidi," alisema.

"Acha tu, ile kamera," mjomba akasikitika. "Betri peke yake, siku mbili inakaa. Haya, piga, ila kipara usikionyeshe."

Kipara akakionyesha. Uso wa kweli ndio unaouza, ndivyo walivyofundishwa. Kando ya picha akapanga vichwa vya habari vya kumsifu fundi umeme anayeitwa kila nyumba: HAKUNA MLANGO USIOMFUNGUKIA. Chini yake: MIKONO ISIYOTULIA. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu: MTAA UNAMJUA. WEWE JE?

Mhadhiri alilibandika ubaoni.

"Huyu ameelewa," aliwaambia darasa. "Kaficha herufi nzima wala hakuogopa. Msomaji pengo halioni. Analijaza mwenyewe, kwa kile kilichomo kichwani mwake."

Wenzake wakapiga makofi. Alama tisini, za kufungiwa kabatini.

Hata hivyo alirudi nyumbani na nakala kwapani, ameridhika na mikono yake. Mama, ambaye jarida na jalada kwake ni pacha wasiotofautishwa, alilitazama akasema kaka yake ametoka kama waziri. Mjomba akaitwa. Akaja na tabasamu lake, akawekewa chai, akalikunjua jalada mezani.

Tabasamu ndilo lililoondoka kwanza. Kisha akatafuta kiti.

"Nani ameliona hili?"

"Darasa zima. Na jingine limebandikwa kwenye korido."

"Wamesema nini?"

"Wamepiga makofi. Mwalimu anasema ujumbe umefika."

Mjomba akasoma tena, midomo ikimchezacheza. Alipeleka kidole juu ya kichwa chake pale kwenye picha, akakirudisha upesi kama aliyegusa waya wenye moto.

"Mpwa wangu," alisema polepole, "si ungeniambia tu? Tukakaa, tukayamaliza kindugu?"

Mwanafunzi aliona haya. Aliombwa jambo moja tu, na hilo moja hakulitimiza.

"Nisamehe, mjomba. Nilidhani hutajali. Jambo lenyewe halifichiki, kila mtu anajua."

"Kila mtu?"

"Mtaa mzima. Hata mama, ukishatoka hapa, huwa anacheka."

Mjomba alimtazama dada yake. Mama, aliyekuwa kweli anazuia kicheko, akageukia sufuria. Mjomba akainuka, akaaga kwa kichwa, akaenda zake. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Wanaume na vipara vyao," mama akasema. "Mwekee kofia, yaishe."

Mwanafunzi aliumia. Mtu pekee aliyemfariji ndiye aliyemuudhi. Aliamua kesho yake aende chuo mapema, amchoree mjomba kofia nzuri, kisha ampelekee jalada jipya kwake na kumwomba radhi kwa magoti.

Hakufika mbali. Asubuhi alipofungua mlango, mguu wake uligonga mfuko. Ndani yake mlikuwa na kamera ya chuo, imefutwa vumbi, betri imejaa. Juu yake palikunjwa karatasi yenye mwandiko wa mjomba:

"Hiyo hapo, sikuiuza. Fundi rangi nitamwangukia mwenyewe leo. Lakini mpwa wangu, MWIZI, kwa herufi kubwa namna ile, juu ya kichwa cha mjomba wako?"