Alama ya Pasi

Haya wajukuu zangu, nitegulieni hili: hakina mdomo, lakini kikiingia chumbani kila mtu anakisikia. Ni kimya.

Kimya hicho, cha binti aliyeletwa ofisini kwake, kilimkera mshauri nasaha. "Nani kakuchoma? Niangalie ninapokuuliza!"

Binti aliinamisha kichwa. Mkononi mwake ncha ya pasi ilikuwa imeacha pembe nyekundu, bado mbichi.

"Kajichoma mwenyewe, mzembe huyu," akafoka mama mkwe wake, aliyeketi kando yake.

Ndipo mshauri akaona ujinga wake. Unamhoji mke wa mtu mbele ya mkwewe, halafu unataka afunguke?

"Mama, tupishe."

"Unanitoa mimi? Mimi niliyemleta umfunze adabu?"

"Nje, mama."

Mlango ukabamizwa. Binti akainua uso.

"Mume wangu alinishika mkono. Pasi aliishika mama yake."