Kiazi Kisicholainika

Sheria iliruhusu kupanda kiazi cha aina moja tu, kisichoshikwa na ukungu na kinachotoa chipsi nzuri kiwandani. Tatizo ni kwamba hakikulainika, hata ukichemshe kutwa. Mama mzazi wa Subilaga hakuwa na meno, akawa anakonda. Basi Subilaga akapanda viazi vyekundu vya zamani nyuma ya jiko.

Afisa wa mbegu akavikuta, akamwambia Subilaga:

"Ving'oe, mama. Vitaleta ukungu kwa wenzako."

"Si mlisema vyenu haviugui?"

Afisa akageuka kutazama shamba la jirani, lililojaa kiazi kilichoruhusiwa. Majani yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Subilaga naye aliyaona. Akachukua jembe.

"Sing'oi," akasema, akaanza kuinua tuta jingine.