Mchuzi wa Mama Mkwe

Wuryani alikuwa ameapa kumeza tonge moja tu, kwa adabu, kisha arudi kwao asikanyage tena nyumba ile. Tangu aolewe na ukoo wa Kichina hapo Semarang, kisiwani Java, mama mkwe alimwita "yule Mjava", basi.

Ilikuwa siku ya kufunga sherehe za mwaka mpya wa Wachina. Mama mkwe alimpakulia bila kumtazama.

Tonge lilipogusa ulimi, Wuryani akaduwaa. Tui zito, kuku laini, harufu ya mchaichai: ulikuwa mchuzi wa Idi wa mama yake mzazi, chumvi kwa chumvi. Wali tu ndio ulikuwa tofauti, umefungwa kwenye jani la mgomba ukatoka mrefu kama mhogo.

"Mama, nani kakufundisha chakula chetu?"

"Chenu?" Mama mkwe aliguna. "Hiki chetu, tangu babu zetu washuke melini kutoka China."

"Lakini huu mchuzi wa Idi! Wao waliujulia wapi?"

 Macho ya mama mkwe yalikwenda kwenye picha za wahenga ukutani, yakatua kwa mwanamke mweusimweusi, nywele kazifunga kisogoni kama bibi yake Wuryani.

"Huyo nani?"

"Bibi wa kwanza wa ukoo wetu. Jina hatukuambiwa." Alichota mchuzi mwingine. "Melini walishuka wanaume peke yao. Sasa nani aliyewapikia..."

Wuryani hakujua acheke au alie. Mama mkwe alisimama na upawa mkononi, mchuzi ukichuruzika mezani, wala hakuna aliyeufuta.